Wanyama wa Shaba Kando ya Mto Hudson: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Ndugu na marafiki wanaokuja New York hunirushia maswali haya haya kila msimu. Wengi wanakuwa wameona picha ya kijitu cha shaba chenye kichwa cha mviringo kikisukuma sarafu kubwa kuliko chenyewe, au picha ya mbwa wa shaba aliyefungwa mnyororo, wakataka kujua vilipo na vina maana gani. Nimeyakusanya majibu hapa, ya safari na ya sanamu zenyewe.

Ni sanamu gani hizi, na ziko wapi hasa?

Ziko Nelson A. Rockefeller Park, bustani ya umma ukingoni mwa Mto Hudson, upande wa magharibi wa Manhattan ya kusini. Mtaa wenyewe unaitwa Battery Park City. Kazi nzima ina jina moja, The Real World, yaani Ulimwengu Halisi, na iliwekwa hapo mwaka 1992, mwaka ambao bustani ilifunguliwa.

Usitegemee kukuta sanamu moja kubwa ukapiga picha ukaondoka. Ni kundi zima la wanyama na vijitu, nyingine zinafika magotini, nyingine ndogo kiasi cha kukaa kiganjani. Zimetawanyika ncha ya kaskazini ya bustani, jirani na shule ya Stuyvesant High School. Zipo juu ya kuta, pembeni mwa mahali pa kukaa, nyingine chini kabisa karibu na miguu yako. Watu hupita hapo wakikimbia mazoezi miaka nenda miaka rudi bila kujua wameruka mguu wa nani.

Nani alizitengeneza?

Tom Otterness, mchongaji Mmarekani aliyezaliwa Wichita, Kansas, mwaka 1952. Alikwenda New York mwaka 1970 akiwa kijana kusomea sanaa katika Art Students League. Mwishoni mwa miaka ya 1970 alikuwa mmoja wa kikundi cha wasanii kilichoitwa Colab, vijana wasio na fedha waliokuwa wakifanya maonyesho yao wenyewe kwenye majengo yaliyotelekezwa. Onyesho lao lililovuma zaidi lilifanyika Times Square mwaka 1980. Siku hizo Otterness alikuwa akitengeneza vijitu vidogo vya plasta na kuviuza kwa bei isiyofika dola 5, ili hata mpita njia aweze kununua.

Tabia ya sanamu zake imetoka kwenye vile vya plasta. Kichwa ni tufe, mwili ni pipa, miguu ni magogo mawili, kofia ni koni au bakuli. Wanyama nao wamefinyangwa hivyo hivyo. Ukishaona moja, utaitambua kazi yake popote duniani kwa mbali.

Mbona hazikuwekwa juu ya nguzo kama sanamu tulizozoea?

Swali zuri, na kwangu hapa ndipo utamu ulipo.

Fikiria sanamu ya Askari pale Posta, Dar es Salaam. Ni ya shaba, imesimama pale tangu mwaka 1927, na iko juu ya jukwaa lake katikati ya magari, bunduki mkononi, singe ikielekea bandarini. Unaitazama kwa kuinua kichwa. Nenda Nairobi, Dedan Kimathi amesimama juu ya jukwaa lake kwenye barabara yenye jina lake tangu mwaka 2007, na yeye pia huwezi kumfikia begani. Sanamu za mashujaa hutengenezwa hivyo kwa makusudi, kwa sababu kazi yake ni kukukumbusha kwamba kuna mtu aliyekuwa mkubwa kuliko wewe.

Wanyama wa Otterness hawana ukubwa huo. Wako chini, kimo cha mtoto wa miaka minne. Anayetaka kumwona paka vizuri itabidi achuchumae, hata kama amevaa suti. Nimewaona wafanyakazi wa ofisi za jirani, tai shingoni na kahawa mkononi, wakichuchumaa kumtazama ndege wa shaba usoni. Sanamu ya shujaa haimfanyi mtu achuchumae hivyo.

Kwa kuwa zimetawanyika, nianzie wapi?

Anzia kwenye bomba la kunywea maji. Pale kuna mbwa wa shaba, mnene, amefungwa kwa mnyororo ambao nao ni wa shaba. Macho ya mbwa yako kwa paka. Paka hana habari na mbwa, kwa sababu anamnyemelea ndege. Ndege hana habari na paka, kwa sababu amemwona mnyoo. Wote wamegandishwa hapo, sekunde moja kabla ya balaa, na hakuna hata mmoja anayetazama nyuma yake.

Simama kidogo uangalie mpangilio. Mtoto huona mchezo wa kuwindana, naye yuko sahihi. Mtu mzima anayejua kwamba mwenye nguvu mpishe ataona jambo jingine, kwamba aliye mkubwa kuliko wote ndiye aliyefungwa, na kwamba amani yote ya pale inategemea pingili za mnyororo mmoja. Mnyororo ungekatika, paka angekwisha. Lakini paka akiisha, ndege anapona. Kwa hiyo je, mnyororo ule unamlinda nani? Kila ninayempeleka pale ana jibu lake. Mimi nimebaki upande wa mnyoo, ambaye hakuna mnyama aliyefungwa kwa ajili yake.

Kutoka hapo tembea polepole ukitazama chini na juu ya kingo za kuta. Kuna nyayo ndogo za shaba zilizozamishwa kwenye sakafu. Kuna mguu mkubwa wa shaba, kana kwamba jitu fulani lilivunjika likaacha kipande. Kuna vijitu vinavyosukuma, vinavyobeba, vinavyovuta. Usiwape watoto ramani. Waambie tu watafute, watakuachia nafasi ya kupumzika kwenye benchi.

Zile sarafu na mifuko ya fedha zimefuata nini kwenye bustani ya watoto?

Hapo ndipo jina la Ulimwengu Halisi linapoanza kuingia akilini. Sarafu ni senti za Kimarekani, ila zimekuzwa mpaka zikawa kubwa kuliko wanaozibeba. Vijitu vimezishika kama mafundi wanaobingirisha gurudumu la trela. Wengine wamevaa kofia ndefu za matajiri wa zamani na wamekumbatia mifuko iliyovimba. Wengine ni vibarua wa kawaida. Wote wana tabasamu lile lile dogo, anayebeba na anayebebewa, na tabasamu hilo ndilo linalonipa shaka kila ninapolitazama.

Kumbuka bustani iko wapi. Wall Street, mtaa wa mabenki na soko la hisa, ni mwendo mfupi kwa miguu. Sanamu zilipowekwa mwaka 1992, majengo ya World Financial Center yalikuwa yamekwisha kusimama jirani tu, na ndani yake yalikuwa makao ya American Express na Merrill Lynch. Baadaye Goldman Sachs nao walihamishia makao makuu yao mtaa huo huo, barabara ya West Street. Kwa hiyo vijitu vinavyohangaika na senti vimekaa kwenye uwanja wa mbele wa mabenki makubwa kuliko mengi duniani, na ni mamlaka ya umma iliyomlipa msanii aviweke.

Kama una muda, siku hiyo hiyo tembea hadi Bowling Green ukamwone fahali wa shaba wa Arturo Di Modica. Yule ana uzito wa zaidi ya tani 3, na Di Modica alimleta usiku mwezi Desemba 1989 akamwacha mbele ya soko la hisa bila kibali cha mtu. Fahali ni sifa kwa soko: misuli, pembe, mkia juu. Foleni ya watu wa kupiga naye picha haiishi. Kisha linganisha na kijitu kimoja kinachotoa jasho na senti yake. Zote ni shaba, zote zinazungumzia fedha, na umbali baina yao unautembea bila hata kukaa njiani.

Na kichekesho kingine: Marekani iliacha kutengeneza senti za kutumika madukani mwaka 2025, kwa kuwa kuitengeneza moja kulikuwa kunagharimu zaidi ya thamani yake. Vijitu havijapata taarifa.

Basi ni za watoto au za watu wazima?

Watoto ndio wanaozitumia, watu wazima ndio wanaosutwa. Waliokulia kwenye hadithi za Sungura na Fisi hawatapata shida kulielewa hili, maana hadithi zile nazo husimuliwa kwa watoto huku wazee wakicheka kwa sababu zao.

Je, watoto wanaruhusiwa kuzigusa na kuzipanda?

Kugusa, ndiyo, zimewekwa pale ziguswe. Watoto huzikalia na kuzikumbatia tangu zilipowekwa. Angalizo ni mawili. Siku za joto kali shaba iliyopigwa na jua mchana kutwa huwa moto kweli kweli, kwa hiyo ijaribu kwa mkono wako kwanza kabla mtoto aliyevaa kaptura hajakalia. Na mvua ikinyesha huteleza.

Sanamu ya shaba hutengenezwaje? Huchongwa?

Haichongwi kama kinyago cha Mmakonde, ambapo fundi anapunguza gogo hadi umbo linajitokeza. Sanamu ya shaba humiminwa, na njia ni ndefu kuliko wengi wanavyodhani.

Msanii huanza na udongo au plasta. Umbo likishamridhisha, mafundi hulifunika kwa mpira laini unaoshika kila mkunjo, na juu ya mpira huwekwa ganda gumu la kuushikilia. Ukifunguliwa, mpira huo ni kalibu. Ndani yake hupakwa nta ya moto, tabaka juu ya tabaka, mpaka unene wa milimita chache. Nta ikitolewa unapata nakala tupu ya ndani, laini, ambayo fundi huirekebisha kwa kisu na pasi ya moto: mshono unafutwa, tundu linazibwa, ukope unarudishwa.

Kisha nta huunganishwa na vijiti vya nta ambavyo baadaye vitakuwa mifereji ya shaba kuingia na hewa kutoka. Kitu kizima huchovywa kwenye uji wa udongo maalumu na kunyunyiziwa mchanga laini, kinakauka, kinachovywa tena, hivyo hivyo mara nyingi mpaka kimevaa gamba gumu. Gamba huingizwa tanuruni. Nta inayeyuka na kutoka yote, linabaki pengo lenye umbo la mbwa. Wakati huo shaba imeyeyushwa pembeni kwa joto la zaidi ya nyuzi 1,000, nyekundu ya kumeta, na inamiminwa kwenye pengo kwa pumzi moja. Wakisitasita katikati, sehemu ya kwanza inapoa kabla ya pili kufika na kazi imeharibika.

Likishapoa, gamba huvunjwa kwa nyundo. Kinachotoka si kizuri hata kidogo: cheusi, kina vijiti vimechomoza kila upande. Mifereji inakatwa, vipande vya sanamu kubwa vinachomelewa pamoja, halafu ni msasa na patasi kwa muda mrefu. Mwisho kabisa huja rangi. Rangi unayoiona si ya kupaka. Fundi huichoma shaba kwa moto wa gesi huku akiipiga kwa brashi yenye kemikali, na shaba yenyewe inageuka kahawia, nyeusi au kijani kutegemea kemikali aliyotumia. Juu yake hupakwa nta ya kuikinga.

Shaba yenyewe ya sanamu ni mchanganyiko. Shaba nyekundu tupu ni laini na haimiminiki vizuri, kwa hiyo tangu kale ilichanganywa na bati, kwa kawaida sehemu 9 kwa 1. Viwanda vingi vya sanamu siku hizi huweka silikoni mahali pa bati. Na hii njia ya nta isidhaniwe ni ya kizungu. Mafundi wa Ife na Benin, katika Nigeria ya leo, walikuwa mabingwa wake karne nyingi zilizopita, Battery Park City ikiwa bado maji ya bandari.

Kwa nini sehemu nyingine zinang'aa kama dhahabu na nyingine ni nyeusi?

Ni mikono. Ile rangi ya kemikali ni ngozi nyembamba tu. Viganja vina jasho na mafuta kidogo, na maelfu kwa maelfu ya viganja hufanya kazi ya msasa mwembamba kabisa. Pua, masikio na vichwa vya vijitu ndivyo vinavyoguswa zaidi, kwa hiyo ndivyo vinavyofika kwenye shaba ya asili kwanza.

Si hapa peke yake. Kule Florence, Italia, kuna nguruwe pori wa shaba ambaye pua yake inang'aa kama taa kwa sababu kila mtalii anaipapasa akitaka bahati. Bremen, Ujerumani, punda wa Gerhard Marcks aliyewekwa mwaka 1953 ameng'arishwa miguu ya mbele kwa sababu hiyo hiyo. Ukitaka kujua watu wanampenda mnyama gani, usiulize, tazama wapi pamepauka. Pale Rockefeller Park fanya hivyo hivyo: ikague sanamu moja kwa karibu, utaona mng'ao umeanzia kimo ambacho mkono wa mtoto unafika, na juu yake giza linarudi.

Theluji na chumvi ya mto haziziharibu?

Shaba haili kutu kama chuma cha geti. Ikiachwa tu, hewa yenye unyevu na chumvi huiwekea ukoga wa kijani. Matunzo ya kawaida ya sanamu za nje ni kuoshwa kwa sabuni isiyo kali na kupakwa nta upya mara kwa mara. Nta ikikosekana miaka mingi, ndipo michirizi ya kijani inapoanza kushuka.

Nimesikia mchongaji huyu aliwahi kumuua mbwa. Ni kweli?

Ni kweli. Mwaka 1977, akiwa na miaka 25, Otterness alimchukua mbwa kutoka kituo cha wanyama wasio na makazi, akamfunga, akampiga risasi na kurekodi tukio hilo kuwa filamu ya sanaa. Miaka 30 hivi baadaye aliomba radhi hadharani na kusema kitendo kile hakina utetezi. Radhi haikuwatosha wote. Mwaka 2011, habari ziliporudi tena, San Francisco ilisimamisha na hatimaye kuvunja mkataba wa dola 750,000 aliokuwa ameupata wa kutengeneza sanamu za kituo cha treni.

Watu huniuliza kama wawaambie watoto. Hilo ni la mzazi. Ninachoweza kusema ni kwamba tangu nilijue, siwezi kupita kwa yule mbwa wa mnyororo bila kulikumbuka, na sioni kwa nini nijaribu kulisahau. Wapo wanaokataa kabisa kuzitazama kazi zake kwa sababu hiyo, nami sibishani nao. Mimi bado naenda. Ila mtu akiniuliza nani alizitengeneza, namwambia na hili, simpi nusu ya habari.

Nani alilipia, na kuna kiingilio?

Hakuna kiingilio, hakuna geti, hakuna tiketi. Sanamu ziliagizwa na Battery Park City Authority, shirika la umma la jimbo la New York lililoanzishwa mwaka 1968 kusimamia mtaa huo, na ndilo linaloendesha bustani. Mtaa huo una kazi nyingine za sanaa za umma mbali na hii.

Ni kweli bustani imejengwa juu ya mto?

Ndiyo, na wageni wengi hawaamini mpaka waonyeshwe ramani ya zamani. Battery Park City yote, hekta 37 hivi, ni kifusi. Palikuwa na magati ya meli yaliyooza. Sehemu ya udongo ilitoka kwenye shimo la msingi wa minara ya World Trade Center, nyingine ilitoka miradi mingine ya ujenzi, na mchanga ulichotwa kutoka chini ya bandari. Kazi ya kujaza ilimalizika mwaka 1976. Kwa hiyo yule mnyoo wa shaba anakaa juu ya ardhi ambayo wenyeji waliozaliwa miaka ya 1950 wanaikumbuka ikiwa maji.

Jina la bustani limetokana na Nelson Rockefeller, gavana wa New York kuanzia 1959 hadi 1973, aliyekuja kuwa makamu wa rais wa Marekani.

Na mto wenyewe si mto wa kawaida. Sehemu hii ya Hudson ina maji kupwa na maji kujaa kama Mkondo wa Chumbe, na nguvu ya bahari inasikika hadi Troy, kaskazini kabisa, zaidi ya kilomita 200 ndani. Ukikaa muda wa kutosha utaona vitu vinavyoelea vikibadili mwelekeo. Kimbunga Sandy kilipopiga Oktoba 2012, kusini mwa Manhattan kulifurika vibaya, na tangu hapo mamlaka zimekuwa na mradi wa kujenga kinga za mafuriko kando ya mtaa huu. Kabla ya kutoka nyumbani angalia tovuti ya Battery Park City, kwa kuwa ujenzi unaweza kufunga njia au kuhamisha vitu kwa muda.

Nifikeje pale?

Panda treni ya chini ya ardhi namba 1, 2 au 3, au A na C, ushuke Chambers Street. Ukitoka nje, fuata barabara hiyo hiyo ya Chambers kuelekea magharibi. Utaona barabara pana ya West Street. Kuna daraja la waenda kwa miguu linaloitwa Tribeca Bridge, linakushusha pale pale kwenye shule ya Stuyvesant. Bustani iko mbele, mto uko nyuma yake. Huwezi kupotea, ukipitiliza utalowa.

Usichanganye na The Battery, bustani ya zamani iliyo ncha ya kusini ambako boti za kwenda Sanamu ya Uhuru zinaondokea. Majina yanafanana, na wageni wangu wengi hunipigia simu kutoka huko wakiuliza mbwa yuko wapi.

Mama yangu ana miaka 78 na magoti yanamsumbua. Ataweza?

Njia ya kando ya mto ni tambarare na ina mabenchi mengi yanayotazama maji. Kiti cha magurudumu kinapita vizuri. Kuchuchumaa kumtazama ndege hakutawezekana, lakini sanamu zilizo juu ya kuta atazifikia akiwa amesimama au ameketi. Mpeleke asubuhi, siku ya kazi, kukiwa hakuna baiskeli nyingi. Na mvalishe: upepo wa Hudson hauna adabu hata mwezi wa Mei.

Saa gani picha hutoka vizuri?

Jua huzama upande wa mto, nyuma ya New Jersey, kwa hiyo jioni mwanga unakuja chini chini na kuingia kwenye mikunjo ya nyuso. Saa sita mchana shaba nyeusi inakuwa doa tu. Weka simu kwenye kimo cha kijitu, usipige ukiwa umesimama. Picha nyingi mbaya za sanamu hizi zimepigwa kutoka juu.

Naweza kutumia picha hizo kwenye fulana au kalenda ninazouza?

Kwa kumbukumbu zako na kuwaonyesha ndugu, piga utakavyo. Biashara ni jambo jingine. Sheria ya Marekani inaruhusu kupiga picha ya jengo lililo hadharani na kuitumia, lakini ruhusa hiyo haigusi sanamu. Haki ya sanamu hubaki kwa msanii hata ikiwa imesimama kwenye bustani ya umma, kwa hiyo ukitaka kuuza, omba kibali.

Nikizipenda, wapi pengine nitaona kazi zake?

Karibu kabisa ni kituo cha treni cha 14th Street na Eighth Avenue, ambako kuna zaidi ya sanamu 100 za shaba zilizofichwa kwenye ngazi, mihimili na mabenchi. Kazi hiyo inaitwa Life Underground, na Otterness alinogewa mpaka akatoa sanamu zaidi ya mara nne ya alizokuwa ameagizwa. Mtafute mamba anayechomoza kwenye kifuniko cha mtaro na kumvuta mtu mwenye mfuko wa fedha badala ya kichwa. Kichwa hicho cha mfuko alikitoa kwenye katuni za Thomas Nast, aliyemchora hivyo mwanasiasa fisadi wa New York, William Tweed, miaka ya 1870. Kuna pia kijitu kinachopenya chini ya kizuizi kukwepa nauli, jambo ambalo utaliona likifanywa na watu wenye nyama na damu hatua chache kutoka hapo.

Wichita, mji alikozaliwa, nao una kazi zake, ikiwemo jongoo mkubwa wa shaba katika Chuo Kikuu cha Wichita State. Na walio Uholanzi hawana haja ya kuvuka Atlantiki. Pale Scheveningen, The Hague, nje ya jumba la makumbusho la Beelden aan Zee, tangu mwaka 2004 kuna sanamu zake za hadithi za kale zimepangwa kwenye matembezi ya ufukweni, za bure vilevile, na moja yake ni kubwa kuliko nyumba ya kawaida: mtu anayekula samaki.